Cha Mlevi Huliwa na Mgema

Wahenga walisema, "Cha mlevi huliwa na mgema." Mithali hii twaitaja mara kwa mara, lakini wengi wetu twadhani yamhusu mnywaji wa tembo tu. Siku hizi, wasomaji wapenzi, kimeingia vijijini mwetu kileo kingine, kisicho na harufu, wala hakimfanyi mtu kupepesuka njiani. Mtu aweza kukinywa akiwa kitandani, au shambani jembe liko begani, au hata kanisani wenzake wakiimba, wala jirani yake asijue. Kileo hicho ni kamari ya simu. Leo nataka kunena habari za mlevi wake na habari za mgema wake. Maana mlevi twamjua na twamlaumu kutwa, lakini mgema twamwamkia kwa heshima.

Kamari yenyewe si jambo jipya. Neno lake tulilipokea zamani kutoka Kiarabu, na karata na dadu zilichezwa katika miji yetu kabla simu haijajulikana. Lakini kamari ya zamani ilikuwa na vizuizi vyake. Ilimpasa mtu kutoka kwake, aende mahali panapojulikana, akae na wenziwe, na fedha yake iwe mkononi. Fedha ikiisha, mchezo nao umekwisha. Tena palikuwa na haya: mke aliuliza, mzee alikemea, watoto waliona.

Vizuizi hivyo vyote vimevunjwa. Hapa Kenya, M-Pesa ilianza mwezi wa Machi 2007, nayo ilikuwa msaada mkubwa. Mtu aliye mjini aliweza kumpelekea mama yake fedha bila kumtafuta msafiri wa kuibeba. Lakini njia iliyopitisha fedha ya mama ndiyo iliyokuja kupitisha fedha ya kamari. Kampuni ya SportPesa ilipoanza kazi yake mwaka 2014, na nyingine nyingi zikafuata, kila mwenye simu alijikuta ana nyumba ya kamari mfukoni mwake, isiyofungwa usiku wala Jumapili. Na kabla ya hapo, Novemba 2012, ulikwisha kuanza mkopo wa M-Shwari, unaoombwa na kutolewa kwa simu, ambao ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Baadaye wakaja wakopeshaji wengine wengi, na baadhi yao ni wakali zaidi.

Basi tazameni: chombo kimoja kidogo kimekuwa benki, tena ni mkopeshaji, tena ni meza ya kamari. Zamani mtu aliyeishiwa na fedha alirudi nyumbani. Leo akiishiwa hukopa palepale alipoketi, akacheza tena. Na kunapokucha ana hasara mbili, ya kamari na ya deni.

Sasa tufanye hesabu. Mimi ni mwalimu, na jambo hili ni la hesabu kabla halijawa la mahubiri.

Tuseme Juma na Petro wabishana juu ya mpira. Timu mbili zina nguvu sawa, na mchezo wenyewe hauna sare, hapana budi mmoja ashinde. Kila mmoja atoa shilingi 100. Kama wangewekeana wao kwa wao, mshindi angechukua shilingi 200. Lakini wakizipeleka kwa kampuni, mshindi atapewa, tuseme, shilingi 190. Shilingi 10 zimebaki. Kampuni haikupenda timu hii wala ile, haikutoa jasho uwanjani, wala haikukosa usingizi. Juma akishinda, imepata 10. Petro akishinda, imepata 10. Huyo ndiye mgema.

Mtu atasema, "Shilingi 10 ni kitu gani?" Asubiri kidogo. Vijana wetu hawapendi kubashiri mchezo mmoja, kwa kuwa faida yake ni ndogo. Hupanga michezo 10 pamoja, wakauita mpango huo mkeka, na sharti lake ni kupatia yote. Mmoja ukikosa, mkeka wote umechanika. Ikiwa kila mchezo una njia mbili zilizo sawa, basi iko mikeka 1,024 inayoweza kupangwa, maana ndiyo hesabu ya mbili ikizidishwa kwa mbili mpaka zitimie mara kumi. Tuseme watu 1,024 wametoa shilingi 100 kila mmoja, na kila mmoja amepanga mkeka wake usiofanana na wa mwenziwe. Zimekusanyika shilingi 102,400. Atashinda mtu mmoja tu. Naye, kwa kipimo kilekile cha 190 kwa 100, atalipwa shilingi 61,300 hivi. Watu 1,023 wamekwenda mikono mitupu. Na shilingi 41,100 hivi zimebaki kwa mgema. Zile 5 katika kila 100 zimekua, sasa ni 40 katika kila 100. Je, twastaajabu kwamba makampuni hupenda sana mtu apange michezo mingi, na kwamba baadhi yao humwongezea zawadi akifanya hivyo?

Tena iko ile zawadi kuu waiitayo jakipoti, ambayo kwayo mtu hutakiwa kubashiri michezo 17. Kila mchezo una matokeo matatu: wenyeji kushinda, wageni kushinda, au kwenda sare. Zidisha tatu kwa tatu mpaka zitimie mara 17, utapata 129,140,163. Hesabu hii yapita mara mbili ya watu wote wa Kenya, wazee kwa watoto. Mjuzi wa mpira aweza kuipunguza kidogo, kwa kuwa timu hazilingani; lakini mtu akikupunguzia bahari ndoo kadhaa, bado hujaweza kuivuka kwa miguu.

Mwezi wa Mei 2017 alipatikana mtu mmoja aliyepatia michezo yote 17, akapewa zaidi ya shilingi milioni 220. Habari zake zilitangazwa katika redio na magazeti nchi nzima. Mimi simwonei kijicho. Nauliza tu: shilingi hizo zilitoka wapi? Hazikuchimbwa ardhini, wala hazikuota mtini. Zilikuwa karo ya mtoto, mbolea ya shamba, dawa ya mgonjwa, na posho ya kijana aliyebeba mawe kutwa. Aliyeshinda hupigiwa tarumbeta. Walioshindwa hawapigiwi tarumbeta, kwa hiyo twadhani hawapo.

Sasa umekuja mchezo mwingine uitwao Aviator. Ndege ndogo huonekana katika kioo cha simu ikipaa, na hesabu ya fedha hukua kadiri inavyopanda. Asiyetoa fedha yake kabla ndege haijatoweka amepoteza. Hapa hapana mpira wala ujuzi wowote. Wenye mchezo huo hutangaza wenyewe kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 97 hurudi kwa wachezaji, kwa wastani. Yaonekana kama ukarimu. Lakini mzunguko mmoja huisha kwa sekunde chache tu, na mtu hapati subira ya kucheza mmoja. Akiirudisha fedha yake mchezoni mara 20, kazi isiyozidi muda wa kuchemsha chai, zile 100 zimekuwa 54 kwa wastani. Mgema hana haraka ya kukunyang'anya. Yamtosha kukulamba kidogokidogo.

Najua majibu ya watu, maana nimeyasikia mengi. Nitayatazama manne.

La kwanza husema, "Hata kilimo ni kamari. Mkulima hupanda asijue kama mvua itanyesha." Neno hili lina sura ya hekima, lakini si kweli. Mkulima ana hatari, naam. Lakini ardhi haina ahadi ya kula sehemu ya kila mkulima kabla ya mavuno. Tena mahindi yangu yakistawi, hayakustawi kwa sababu yako yamenyauka. Mwaka wa mvua njema kijiji kizima chaweza kushiba. Katika kamari kijiji kizima hakiwezi kushinda hata siku moja. Mmoja akila, wengi wamelala njaa, na mwenye meza ameshiba kuliko wote. Zaidi ya hayo, mkulima aliyeshindwa mwaka huu amejifunza jambo juu ya mbegu, udongo na majira. Mcheza kamari aliyeshindwa mwaka mzima hajajifunza kitu cha kumsaidia mwakani.

La pili husema, "Serikali hupata kodi, nayo kodi hujenga shule." Basi tuitazame kodi hiyo. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilitoza ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka 2020 ikauondoa. Mwaka 2021 ikaurudisha kwa asilimia 7.5; mwaka 2023 ikaufikisha asilimia 12.5, Desemba 2024 ikaufikisha 15, na mwaka 2025 ikabadili tena namna ya kuutoza. Ushuru huu hupanda na kushuka kama maji ya bahari, wala hapana aonaye kwamba kamari imekauka. Na ushuru juu ya dau hulipwa na nani? Hulipwa na yule anayeweka dau. Mtoto asiyelipiwa karo kwa kuwa baba amecheza kamari, je, atafurahi kuambiwa kwamba sehemu ya karo yake imejenga shule ya mtoto mwingine? Serikali inayokula katika sahani ya mlevi haiwezi kuwa na bidii nyingi ya kumlevusha.

La tatu husema, "Makampuni haya huisaidia michezo yetu." Ni kweli kwamba SportPesa ilitoa fedha kwa ligi ya Kenya, na kwa timu za Gor Mahia na AFC Leopards. Lakini kumbukeni yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2018. Serikali ilipopandisha kodi ya makampuni ya kamari hadi asilimia 35, kampuni ilitangaza mara moja kwamba yaondoa msaada wake katika michezo ya Kenya. Wakati uo huo jina lake lilikuwa kifuani mwa wachezaji wa Everton huko Liverpool, likabaki pale mpaka mwaka 2020. Kabla mwaka 2018 haujaisha, sheria ilikwisha kuishusha kodi ile hadi asilimia 15. Basi ule haukuwa msaada wa rafiki. Rafiki hakupi jezi huku akishika kamba ya kukuvuta.

La nne ndilo gumu, nalo husema, "Fedha ni yake. Mtu na mali yake." Lakini ndugu, katika nyumba zetu ni nani aliye na fedha isiyo na mwingine ndani yake? Kijana wa boda boda ana fedha ya mwenye pikipiki. Baba ana fedha ya chakula cha watoto. Mweka hazina wa chama ana fedha ya akina mama 20. Mwanafunzi ana fedha aliyopelekewa ya karo, ambayo mama aliipata kwa kuuza kuku na maziwa. Twakaa kwa kutegemeana. Huo ndio utu wetu, nasi twajivunia. Hatuwezi kujivunia kutegemeana siku ya msiba, kisha siku ya kamari tuseme kila mtu na lake.

Sasa nasema neno ambalo halitapendeza. Twawalaumu vijana, kwamba wana tamaa na uvivu. Wako walio na tamaa, sikatai. Lakini tujiulize ni nani aliyewafundisha. Kijana amesoma mpaka Kidato cha Nne, au amemaliza chuo, akabeba vyeti vyake toka ofisi hii hata ile, na kila mahali aulizwa anamjua nani. Kampuni ya kamari ndiyo ofisi ya pekee isiyomwuliza cheti, wala kabila, wala jina la mjomba wake. Humkaribisha usiku na mchana. Tena humwambia neno ambalo hakuna mwingine amwambiaye: "Huenda kesho ni siku yako." Mwenye njaa ya tumaini atalinunua tumaini hata likiwa limeoza.

Naye akirudi kijijini na pikipiki mpya, sisi twafanyaje? Twamwita "mheshimiwa." Katika harambee akitoa noti nyingi twampigia makofi, na kiti chake chawekwa mbele; wala hapana aulizaye fedha ilitoka wapi. Lakini yule aliyelima nyanya miaka mitatu, akatoa shilingi 200 za jasho lake, twaandika jina lake chini kabisa. Vijana wana macho. Wamekwisha kuona kwamba hapa kwetu fedha huheshimiwa, wala njia yake haiulizwi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi tufanyeje? Sheria zipo, nazo zatengenezwa. Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa nchini Kenya kwa siku 30, kisha yakawekewa masharti mapya. Na mwaka huohuo sheria ya kamari ya 1966, iliyotungwa wakati ambapo hapana aliyeota ndoto ya simu kama hizi, ilipata sheria nyingine badala yake. Ni vema. Lakini sheria haikai jikoni kwako, wala haijui mtoto wako amelala saa ngapi. Yako mambo yaliyo mikononi mwetu.

Nyumbani, fedha na ihesabiwe pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mume na mke waandike kinachoingia na kinachotoka, wala mmoja asione haya kumwuliza mwenziwe. Sheria yamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini mtoto hutumia laini ya baba yake, kwa kuwa baba amempa namba ya siri ili amsaidie kutuma fedha. Mzazi, namba ya siri ni ufunguo wa ghala. Usiuache mlangoni.

Shuleni, ile hesabu ya 1,024 na ifundishwe. Mwalimu mwenzangu, twaa sarafu moja, waambie watoto 40 waandike mapema jinsi itakavyoanguka mara kumi, kisha uirushe. Huenda asiwepo hata mmoja aliyepatia yote. Somo hilo moja watalikumbuka kuliko makaripio ya mwaka mzima.

Katika vyama vyetu, tuwape vijana nafasi. Anayeweka dau la shilingi 50 kila siku ametoa shilingi 18,250 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Tatizo ni kwamba kibaba chake kiko kwa mgema. Fedha hiyo ikiwekwa katika chama, kijana aweza kuanza kufuga mbuzi, au kununua vyombo vya kazi. Nanyi wenye mashamba na majengo, mlipeni kijana ujira wake siku ile aliyoumaliza kazi. Umemtumikisha mtu juma zima, ukamwambia njoo kesho, na kesho tena njoo kesho; huyo umempeleka kwa mgema kwa mkono wako mwenyewe.

Na yule aliyekwisha kunaswa tumwendee kwa upole. Mara nyingi magazeti yetu yameandika habari za vijana waliojitoa uhai baada ya kupoteza fedha, hasa fedha isiyokuwa yao. Deni likifichwa huzaa. Likisemwa laanza kupungua. Asiogope kumwambia mtu mmoja amwaminiye. Na aitake kampuni iifunge akaunti yake, fedha yake ishikwe na mke au ndugu kwa muda, na wadai waitwe wapangiwe malipo. Mtu huyo hahitaji mahubiri siku ile. Ahitaji mtu wa kuketi naye na daftari.

Wahenga walisema pia, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Mgema huyu wa simu tumemsifu zaidi ya miaka kumi. Tumevaa jezi zake, tumeimba nyimbo zake za redioni, tumewapigia makofi wachache aliowapa ili wengi waendelee kumpa. Naye amekuwa akilitia tembo maji, sisi twazidi kunywa na kulipa. Tuache kumsifu. Na kila tunaposikia kwamba fulani ameshinda, kabla ya kupiga makofi, tuulizane swali moja: fedha hii imetoka katika nyumba ya nani?